Moto Usiokula Kuni

Katika Minecraft, moto wa kambi unatengenezwa kwa vijiti vitatu, kipande cha makaa na magogo matatu. Ukishawaka, basi. Unabandika vipande vinne vya nyama, sekunde 30 vimeiva, na usiku kucha unakumulikia bila kudai hata ukuni mmoja.

Huwa nacheza na mpwa wangu hapa Karatu, na hapo ndipo mchezo unaponichekesha. Kuwasha siyo kazi kubwa. Wahadzabe wa kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, wanapekecha kijiti juu ya kingine, moshi unatoka, moto huo. Kazi ni kuulisha. Makande juu ya mafiga yanakula kuni saa kadhaa, na kuni ziko huko juu, pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, kwa nyati na tembo. Tawi likivunjika nyuma yako, unasimama kwanza.

Juzi mpwa wangu alimwona bibi yake akimwagia maji vijinga, makande yameshaiva.

“Bibi, mbona unazima, si bado vinawaka?”

“Kesho utaniletea vingine wewe?”