Atakua Lini?

Mnyama anayenichekesha kuliko wote hana jamaa hata mmoja hapa Kipkelion. Aksoloti ni salamanda wa mifereji ya Xochimilco, Mexico City, na Afrika kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili. Porini wamebaki wachache sana. Kwenye matangi ya vioo ya watu wamejaa. Kwa hivyo mimi na mtoto wa dada tunamtazama kwa simu, bando ikiruhusu.

Anatembea polepole kama mlevi anayetafuta funguo. Anapanda juu, anameza hewa, anashuka akitoa kiputo kimoja, ni kama amebeua. Kitu kikipita karibu, anakifyonza pamoja na maji. Haoni vizuri, so anakula kwanza, maswali baadaye. Wakati mwingine alichokula ni mguu wa nduguye. Si neno, mguu humea tena, mifupa na vidole vyote. Na lile tabasamu? Ni umbo la mdomo tu.

Mcheshi wetu sisi ni chura wa jamii ya Xenopus, anayeishi ndani ya maji, na miguu yake ya nyuma ina kucha. Mtoto wa dada alimtoa mmoja bwawa la ng'ombe, akamweka kwenye beseni. Chura huyu hana ulimi. Ukimpa mnyoo anausukuma mdomoni kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika harusini sufuria zikikwanguliwa. Ngozi ikizeeka anaivua kama sweta, halafu anaila. Usimdharau lakini. Binamu yake wa Afrika Kusini, kuanzia miaka ya 1930, alitumika ng'ambo kupima mimba: jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, basi kuna mtoto njiani.

Chura huanza akiwa kiluwiluwi, kisha anabadilika. Aksoloti hubaki na matamvua yake nje kama manyoya, anazaa hivyo hivyo, anazeeka hivyo hivyo. Mwaka 1864 aksoloti 34 walipelekwa Paris. Baadhi ya watoto waliozaliwa huko wakapoteza matamvua, wakatoka majini. Wataalamu wakaduwaa: wazazi ndio walikuwa na sura ya kitoto.

Juzi mamangu alichungulia simu. "Na huyu mtoto atakua lini?"

"Kogo, huyo ni mzee," mtoto wa dada akamwambia. "Ako na watoto wake."

Mama akacheka, kisha akanitazama. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, na siku hizi naandika makala kwenye meza ya jikoni yake. Swali lile kwa kawaida ni langu. Nikalingoja.

"Huyo mzee," akauliza, "anakula ugali?"