Hauna pa Kutokea

Alasiri hapa Gisenyi, Rwanda, upepo hutoka ziwani. Jua likishapasha nchi kavu, hewa ya juu ya Ziwa Kivu husogea kuelekea mjini, hupita kwenye miti ya ufukweni na kupanda mitaani hadi Mbugangari. Usiku mambo hugeuka, ubaridi ukashuka kutoka mlimani kurudi ziwani. Anayekausha samaki au nyama kwa moshi sharti aijue ratiba hiyo, maana tanuri lililofanya kazi vizuri saa tatu asubuhi huweza kugoma kabisa ifikapo saa tisa, kwa kuni zile zile na moto ule ule.

Tanuri langu ni la aina ambayo watu wa Texas, Marekani, wameipa umaarufu, na mafundi wa kuchomelea vyuma wa hapa mpakani huliunda kwa mapipa ya mafuta. Pipa kubwa limelazwa, na ndani yake zimepangwa chanja za samaki na nyama ya mbuzi. Ubavuni, chini kidogo, kuna sanduku la chuma ambamo moto hukaa peke yake. Upande wa pili kuna dohani. Chakula hakikai juu ya moto. Joto na moshi hutoka kwenye sanduku, hupita katikati ya chakula, kisha hutokea kwenye dohani. Kila kitu kinategemea safari hiyo ya hewa, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa ikikwama. Samaki wa karibu na moto waliungua mikia huku wenzao wa mwisho wa chanja wakiwa bado wanachuruzika maji. Moshi ulitoka mweupe, mzito, wa kuwasha macho, ukaacha uchungu kwenye ngozi ya samaki. Kila aliyepita uani alikuwa na ushauri mmoja: ongeza kuni, Mama, joto halitoshi.

Fundi niliyemwita hakugusa kuni. Alikunja kipande cha gunia, akakiwasha, akakipuliza mwali uzime kibaki kikifuka, kisha akakipitisha polepole kwenye kila ungio la tanuri, jicho lake likifuata ule uzi wa moshi. Kwenye mlango wa pipa uzi uliyumba na kupotea nje. Kwenye tundu la hewa la sanduku la moto, mahali ambapo ungetazamiwa kuvutwa ndani kwa nguvu, ulisimama wima kana kwamba hakuna moto. Aliinuka, akajipangusa mikono. “Mama, moto hauna neno. Hauna pa kutokea.”

Nimeibeba kauli hiyo tangu siku ile, na nitaieleza kwanza kwa upande wa chuma kabla ya upande wa watu.

Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Inapopanda ndani ya dohani huvuta nyingine nyuma yake, na nguvu ya mvuto huo hutegemea urefu wa dohani na tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Njia ya kutokea ikiwa nyembamba, hewa mpya haiingii hata ukifungua tundu lote la chini. Kuni zikikosa hewa haziungui zikaisha. Hutoa gesi na matone ya lami ambayo hayakupata kuwaka, na huo ndio moshi mweupe unaotia chakula uchungu. Kuongeza kuni hapo ni kuongeza moshi. Tena sisi tuko juu: uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yetu ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Vipimo vya tanuri vilivyonakiliwa kutoka pwani au kutoka Houston vikija hapa vinapumua kwa shida. Matundu yetu lazima yawe mapana zaidi.

Basi fundi alianza na dohani. Mdomo wake ulikuwa umewekwa juu kabisa ya pipa, kwa hiyo joto lilikimbia chini ya paa la chuma na kutoka bila kumgusa samaki. Aliukata, akaushusha usawa wa chanja, akaweka bomba pana zaidi. Kisha akatandika bamba la chuma chini ya chanja, lenye matundu madogo upande wa moto na makubwa kadiri linavyokwenda mbali. Ndani ya sanduku la moto aliinua wavu wa kuni ili majivu yadondoke na hewa ipite chini yake. Maungio aliyaziba kwa udongo uliochanganywa na majivu. Mwisho akapanga chini ya bamba mawe meusi ya volkano, ambayo hapa hayanunuliwi kwa bei ya kutisha: Nyiragongo iliyamwaga hadi katikati ya Goma, ng'ambo ya mpaka, Januari 2002, na watu wamejengea kuta. Mawe hayo hushika joto, hivyo ukifungua mlango kugeuza samaki tanuri halipoi lote. Ila yana vitundu vinavyoficha maji, na jiwe lenye maji likipata moto wa ghafla huweza kupasuka. Aliyakausha taratibu kando ya moto mdogo, akiyageuza moja moja kama mihogo, hadi yakaacha kutoa mvuke.

Sasa upande wa watu. Wifi yangu alikuwa akivusha bidhaa kwenda Goma kupitia ule mpaka mdogo, Petite Barrière, pamoja na maelfu ya wanawake wenzake waliovuka kila asubuhi. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya Korona. Sisi ndugu tukamjaa kwa mawaidha: fungua genge, jaribu kuuza mkaa, usikate tamaa, amka mapema, mwombe Mungu. Yote yalikuwa maneno mema, na kila lilipoongezwa moja alizidi kuwa mkimya na mkali kwa watoto. Jioni moja alikaa kwenye benchi karibu na tanuri, akaanza kusimulia. Alisimulia hasara, madeni, aibu ya kuomba chumvi kwa jirani ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimkopesha. Hakuna aliyemjibu kitu, kwa kuwa tulikuwa tunageuza samaki. Mtaji haukurudi jioni ile, lakini kesho yake ni yeye aliyekuja na hesabu zake mwenyewe za nini kifanyike. Naamini kwa moyo wote kwamba watu wengi tunaowaona wamepoa hawana upungufu wa bidii. Wamezibwa.

Lile bamba lenye matundu nalo limenifunza ulezi. Halikuongeza joto hata kidogo, liligawa lililokuwepo. Nyumba nyingi nizijuazo zina mtoto wa kwanza aliyeunguzwa na matarajio, kila alama ya shule ikipimwa, kila rafiki akichunguzwa, na kitinda mimba ambaye joto la wazazi linamfikia likiwa limekwisha nguvu. Mzazi akiona wa mwisho hajaiva huongeza moto, na anayezidi kuungua ni yule yule wa karibu. Kazi ni kupunguza matundu upande mmoja na kuyapanua upande wa pili, na inataka kuwatazama watoto mmoja mmoja kwa muda mrefu.

Elimu hii ya kuongoza moshi si ya Texas peke yake, na wanawake wa Afrika wana sehemu yao kubwa. Huko Ghana, katika kitongoji cha wavuvi cha Chorkor mjini Accra, wanawake walikuwa wakikausha samaki kwenye majiko ya mviringo ya udongo yaliyounguza wa chini na kuwaacha wa juu wabichi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa chakula wa nchi hiyo na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walifanya kazi pamoja na wanawake hao hadi likapatikana jiko la mstatili ambalo chanja zake hupangwa juu kwa juu, na mrundo wa chanja zenyewe ukafanya kazi ya dohani. Baadaye FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegali, wakaliboresha: makaa yakatengwa, likawekwa sinia la kukinga mafuta yanayodondoka, kwa sababu mafuta yakiangukia moto hutoa moshi wenye kemikali zinazoweza kuleta saratani. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 unataka samaki wa moshi asizidi mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo. Kipimo hicho kinawekwa kwa ajili ya mlaji. Mimi namfikiria zaidi yule anayesimama mbele ya jiko miaka ishirini akivuta moshi ambao mlaji anaonja mara moja.

Na ziwa lenyewe lina habari ya kutokea. Chini ya maji ya Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani, zimebanwa na uzito wa maji. Tangu 1963 mtambo mdogo wa Rubona, hapa kwetu, ulikuwa ukitoa methani ya kuwashia boila za kiwanda cha bia. Kule Karongi sasa gesi hiyo inazalisha megawati 26 za umeme. Ziwa Nyos la Kamerun halikuwa na njia kama hiyo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitapika gesi yake na kuua watu zaidi ya 1,700. Mwaka 2001 wataalamu walitumbukiza bomba refu ili gesi ipande kidogo kidogo, kila siku.

Kuna jambo ambalo fundi alinisisitizia nami nalifuata kila ninapowasha. Joto likizidi, usibane dohani. Iache wazi kabisa, ubane tundu la kuingizia hewa. Nimelelewa na wazee waliosifu mtu anayemeza maneno, na nawaheshimu, lakini siku hizi nachagua zaidi ninachokiruhusu kuingia: mkopo gani, ugomvi wa nani, ahadi ipi. Kilichokwisha kuwaka ndani nakitafutia mtu wa kumweleza.

Mwezi huu fundi anajenga tanuri la matofali kwa kikundi cha akina mama wanaouza samaki karibu na mwalo. Alitaka dohani ikae upande wa ziwa kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Wao wamekataa, wakamwonyesha jinsi upepo wa alasiri utakavyousukuma moshi kuwarudia usoni. Wamebishana naye pia kuhusu upana wa bomba, na amekubali kuongeza vidole viwili.