Sadaka ya Mezani

Huku Songwa nilikoolewa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, kwa mama lishe husimama watoto wasio na pa kulala, wakingoja makombo.

London kuna StreetSmart: tangu 1998, kila Novemba na Desemba, bili ya meza mkahawani huongezwa pauni 1 kwa hiari, ikawasaidie wasio na makazi. Ni kidogo, ila meza ni nyingi.

Bibi harusi mtarajiwa, Mtume (SAW) ametuonya na karamu ya walima wanayoalikwa matajiri wakaachwa masikini. Basi kabla ya keki na maua, tenga sahani zao. Waketi mkekani kama wageni wengine, wasingoje makombo.