Silinda Moja Hadi Tabora

Kama unadhani safari ya wapenzi lazima iwe Zanzibar, ufukweni, na juisi yenye kimwavuli, hebu soma kwanza hii yetu. Kutimiza miaka sita ya ndoa, mume wangu alichagua Tabora. Kwa pikipiki! Ile yake ya zamani ya silinda mbili, anayoipenda kiasi kwamba ningekuwa na wivu ningeshaiuza.

Tulipita Dodoma, Manyoni, Itigi. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, inapita upande huu huu, na ndiyo iliyorithi kazi ya misafara ya zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Tabora na Bagamoyo kama miezi mitatu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo. Mimi nilianza kulalamikia mgongo siku ya pili tu.

Tulipoiacha Itigi nyuma, miombo kushoto na kulia, mlio ukabadilika. Pikipiki ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa, kila kilima inachoka, harufu ya petroli inatufuata, na mara moja moja ekzosi inalipuka, pah!

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Upepo tu, mke wangu."

Jamani, upepo gani huo? Tuliingia Tabora usiku, baiskeli zikitupita.

Asubuhi tukaelekezwa kwa fundi wa bodaboda maeneo ya Ng'ambo, kijana mdogo tu, karakana yake kivuli cha mwembe. Akacheka. Maisha yake yote ametengeneza injini za silinda moja. Akaizunguka pikipiki, kisha akaniambia, "Shemeji, hizi si ni boda mbili zimefungwa pamoja? Tutafute ipi imelala."

Akaiwasha dakika moja, akadondosha maji kwenye kila bomba la ekzosi, karibu na injini. La kulia, tsss, maji yakapotea. La kushoto, maji yakateleza tu kama kwenye jani la mgomba. Basi, mgonjwa kapatikana, na hatujafungua hata nati moja.

Akatoa plagi ya kushoto. Imelowa, inanuka petroli. "Chakula kinafika, hakiliwi," akasema, kwa hiyo kabureta ikaachwa kwanza. Akaziba tundu kwa kidole gumba, akapiga kiki, kidole kikasukumwa. Pumzi ipo. Kisha akaziba tundu kwa kitambaa, maana cheche na petroli havitaniwi, akairudisha plagi kwenye kofia yake na kuilaza igusane na chuma cha injini. Kiki tena. Hakuna cheche. Akajaribu plagi ya kulia kwenye waya ule ule wa kushoto. Hakuna. Plagi haina kosa!

Alipoifungua ile kofia ya plagi, ncha ya waya ilikuwa na kutu ya kijani. Akakata kama sentimita moja kwa kisu, akaikaza kofia kwenye waya mpya. Kiki. Cheche ya buluu, safi kabisa. Hakuna spea tuliyonunua.

"Ila hii haikuanza jana," fundi akasema akifuta mikono. "Mbadilishe na oili. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye silinda, inashuka chini. Hamkusikia inamisi?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Ilianza Dodoma."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaimba."

Ni kweli, nilikuwa naimba. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu nami nilikuwa na langu.

Mchana tukaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone: kuta nene, mlango wa nakshi, kimya. Yeye na Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitoka Ujiji. Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, na mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Miezi mitano, na barua huendi nayo popote ila kwa miguu ya mtu.

Yangu ilikuwa kwenye simu, ndani ya pochi. Kazi Nairobi, mkataba wa miaka miwili, na sikuwa nimemwonyesha. Nikampa asome pale pale barazani. Akasoma mara mbili.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama Nairobi mvua ni nyingi, maana ile kofia ya plagi haipendi maji. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi huu. Tuliendelea kubishana mpaka mtunza makumbusho akaja na funguo zake kutuambia anafunga.