Tofauti Inayogawanyika kwa Tisa

Kijana wetu wa rasilimali watu aliniletea orodha ya sifa za meneja wa uhasibu tunayemtafuta: CPA, miaka kumi kazini, programu tatu za kompyuta. Nikamuuliza, na usuluhishi wa benki je? Akajibu, "Shikamoo mzee, hiyo si mashine inafanya?"

Mimi ukarani niliuanza Februari 1984 katika kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga. Ofisi ya hesabu ilinuka gundi na mafuta ya mbegu za pamba, na karatasi za kaboni zilitutia bluu hadi kwenye kola. Mhasibu mkuu alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Bodi ya wahasibu ilikuwepo tangu 1972 na vyeti vyake aliviheshimu, ila alivitazama mwisho. Kwanza mwombaji wa kazi alikalishwa mbele ya leja, kikombe cha chai na urari uliokataa kulingana. Mzee akatoka.

Mzoefu aliishika tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa tisa, huenda tarakimu zimepishana: 540 imeandikwa 450. Ikigawanyika kwa mbili, anaitafuta nusu yake, pengine imeingizwa upande usio wake. Asiye mzoefu alijumlisha upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na chai ikapoa. Baadhi yao walikuwa na miaka kumi na tano kazini, yote ya kuandika vocha.

Kisha likaja swali la msimu. Fedha za kununulia pamba zilikwenda vituoni, stakabadhi zikarudi zimelowa jasho, nyingine zina dole gumba mahali pa sahihi. "Umewahi kufunga msimu?" Na aliyerudisha masurufu pungufu, kumbe ni shemeji yake bosi, ulimfanya nini? Hapo wengi walikohoa. Aliyeajiriwa mwaka ule alijibu kwamba alimkata mshahara, akahamishwa yeye.

Baadaye ikaja TRA, 1996, kisha VAT, 1998, kisha mashine za risiti, kisha kompyuta kila meza. Kiwanda chenyewe hakipo. Siku hizi tangazo linadai miaka kumi ya uzoefu, umri usizidi thelathini. Aliyepiga hesabu hiyo angeshindwa na leja ya mzee.

Programu hufundishika. Nayo hukataa ingizo lisilolingana pande mbili. Haikatai kiasi kibaya kilichoingizwa sawasawa pande zote, wala risiti ya dizeli ya gari lililokuwa gereji. Kuyagundua hayo kunamtaka mtu aliyewahi kukaa na mkaguzi, faili baada ya faili, akijibu.

Kwa hiyo mwanangu, punguza hizo programu. Waulize wamefunga hesabu za miaka mingapi, nani alizikagua, na malipo gani walikataa kuyasaini.