Umenunua Discovery 3 ya kilomita 210,000? Rimu zingoje

Wasee, naelewa ile raha. Viti vya ngozi, paa la kioo, mtaa mzima unakuangalia. Lakini hilo gari ulilipata kwa bei ya Vitz kwa sababu fulani.

Binamu yangu alichukua mkopo wa sacco akanunua yake, dizeli ya lita 2.7. Swali la kwanza aliloniuliza? Rimu. Mimi nikamuuliza belti ya taimingi ilibadilishwa lini. Ati mwenye gari alisema "juzi juzi". Juzi juzi si risiti, buda. Na hiyo injini ina belti mbili: ya mbele, na nyingine ndogo huko nyuma inayozungusha pampu ya dizeli. Hiyo ya nyuma ni rahisi sana kusahauliwa. Ya mbele ikikatika ukiwa barabarani, pistoni zinagonga valvu na injini imeenda, huku sacco bado inataka doo zake kila mwezi. Kama hakuna karatasi, chukulia hazijawahi kuguswa. Badilisha zote.

Halafu liegeshe mahali tambarare usiku kucha. Asubuhi ukilikuta limelala upande mmoja, sasipensheni inavuja hewa. Ziba mapema, kabla kompresa haijajichosha ikaungua.

Oili ya gia boksi nayo utaambiwa ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF wenyewe, waliotengeneza hiyo gia boksi ya otomatiki, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Soma dashibodi yako tena.