Kawia Ufike

Wasafiri waendao kwa motokaa kutoka Uswisi hata Italia kwa njia ya mlima wa Grand-Saint-Bernard huweza kuona kiangazi na kipupwe katika siku moja. Kutoka Martigny hata Aosta ni mwendo wa kilometa 80 hivi tu. Lakini barabara hupanda kutoka meta 471 juu ya bahari hata meta 2,469, kisha hushuka tena.

Siku moja ya mwezi wa Septemba mume na mke waliondoka Martigny asubuhi, jua likiwaka juu ya mashamba ya mizabibu. Bwana alikuwa amekwisha kupanga kila saa ya safari: chai Orsières, chakula cha mchana kileleni, na Aosta kabla ya jioni. Walipopita Liddes, manyunyu yalianza. Walipofika Bourg-Saint-Pierre, kijiji alichopita Napoleon na jeshi lake mwezi wa Mei 1800, mizinga ikikokotwa ndani ya magogo yaliyochimbwa, ukungu ulikuwa mzito hata taa za motokaa hazikumulika ila hatua chache. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini milimani mawingu na mvua huweza kufika pamoja.

Juu ya kijiji hicho njia hugawanyika. Moja hupita chini ya mlima, katika handaki la karibu kilometa 6 lililofunguliwa mwaka 1964. Ya pili ni barabara ya zamani yenye vizingo vingi, ambayo hufungwa wakati wa theluji. Bwana alitaka kuipanda ile ya zamani mara moja, asipoteze saa zake. Mkewe akamwambia, "Bwana, mlima huu haumo katika daftari yako. Tungoje." Wakangoja.

Neno hilo lilikuwa la busara. Kila mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Basi mvua ya bondeni huweza kuwa theluji kileleni. Wengi walipotea humo zamani. Kwa ajili ya wasafiri wa namna hiyo Mtakatifu Bernardo alijenga nyumba ya wageni kileleni yapata mwaka 1050, na baadaye mbwa wa watawa wakasifika kwa kuwatafuta waliofunikwa na theluji. Mwili wa mmoja wao, Barry, aliyekufa mwaka 1814, umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bern.

Baada ya saa mbili ukungu uliinuka. Wakapanda kwa gea ndogo, wakaiona nyumba ile na ziwa lililo karibu nayo, jua likimulika kwa dakika chache. Mara theluji ikaanza kuanguka, nao wakashuka upande wa Italia bila kubishana. Aosta walikuta hewa kavu yenye joto. Kwa maana upepo wa kaskazini ulipopanda mlima ulipoa ukamwaga maji yake, na ulipoteremka kusini ulipata joto.

Wako madereva wahesabuo kungoja kuwa ni woga. Mtu wa namna hiyo ameifanya saa kuwa bwana wake, naye hutii hata imwongozapo gengeni. Wale wawili walichelewa chakula cha mchana, wakakila jioni, wazima wote wawili. Kawia ufike.